Mto Aliouimba Dona Odete

Wasichana wa kituo cha mafunzo waliniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya Saudia. Najua wangependa nianze na mshahara. Hayo wataulizana wenyewe, huulizana kila siku. Mimi nitaandika yale ambayo hakuna aliyeniambia kabla sijapanda ndege, na nitakaa zaidi kwenye nyumba moja, kwa bibi mmoja, na kwenye wimbo wake mmoja uliotusumbua sote.

Naitwa Mwikali, mzaliwa wa Kitui. Nilianzia Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwenye nyumba yenye vyumba vingi na watoto wengi kuliko vyumba. Siku ya kwanza madam alinizungusha jikoni akifungua makabati na kuongea bila kupumzika. Nilishika neno moja tu, "yalla", kwa sababu alilirudia kila tulipohama. Nikadhani ndilo jina nililopewa. Siku kadhaa mtu akisema yalla, yaani haya twende, mimi naitika, "Yes, madam," na watoto wanaanguka kwa kicheko.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni Bi Raya. Alikuwa mama wa nyumba ya jirani, wa ukoo wa Unguja waliofika Jeddah baada ya mwaka wa sitini na nne, yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Nilikuwa juu ya paa naanika nguo. Nimeshika kanzu ya mwenye nyumba, pana ajabu, nikasema peke yangu, "Hii ni nguo ya mtu au ni hema?" Nikasikia mtu anacheka upande wa pili wa ukuta.

"Kumbe Mswahili! Watoka wapi, mwanangu?"

"Kitui, mama. Kenya."

"Kitui siijui. Lakini Kiswahili chako nakisikia, kinakwenda kwa miguu."

Nikamwambia chake kinakwenda kwa gari. Alicheka tena, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha Kiarabu cha kwenye sabuni na sufuria kabla ya kile cha salamu ndefu. Alinifundisha kupiga pasi kitambaa cha kichwa cha mwenye nyumba: unanyunyizia maji yenye wanga, unakunja mara moja, mstari wa katikati unakaa kama umechorwa kwa rula, la sivyo bosi anarudi kutoka mlangoni na asubuhi ya nyumba nzima imeharibika. Alinifundisha nisiseme "mafi", yaani hakuna, nikanyamaza, hata kama kitu kweli hakipo. "Sema mafi, madam, lakini nitatafuta. Hapo umejibu. Ukisema mafi peke yake umefunga mlango."

Jambo kubwa alilonipa ni kumgeuza mgonjwa. Bi Raya alikuwa amemuuguza mama yake mzazi kitandani miaka mingi. Aliniita kwake siku ya Ijumaa, akalala kwenye zulia akajifanya mgonjwa, akanifanyisha mazoezi hadi mgongo wangu ukaelewa. Goti pale, mkono huku, shuka uivute, usimvute mtu.

"Na kabla hujamgusa, mwambie unataka kufanya nini," alisema akiwa bado amelala pale chini. "Hata kama hajui lugha yako. Mwambie."

Familia ile ya Aziziya niliitumikia mpaka watoto wakanipita kwa kimo. Nyumba ilipopungua watu, madam aliniuliza kama naweza kwenda Riyadh. Kulikuwa na daktari mmoja, jamaa wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, aliyetafuta mtu wa kumtunza mama mkwe. Ikama, kile kibali cha kuishi, ikabadilishwa, nikaagana na Bi Raya ukutani palepale, nikaenda.

Riyadh hewa ni kavu. Midomo inapasuka kabla hujamaliza wiki, na nguo ukianika unageuka kuzianua. Daktari, ambaye nilimwita baba kama walivyomwita wote, alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Mkewe, Madam Leila, alizaliwa Brazili. Babu zake walihamia huko kutoka Shamu, kwa hiyo Kiarabu alikijua, ila alikizungumza kwa kukivuta kama anaimba, na mawifi zake walikuwa wakimwiga akiwa hayupo. Nami alizungumza Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza. Tulielewana.

Mgonjwa alikuwa mama yake mzazi. Walimwita Dona Odete. Dona, madam aliniambia, ni kama kusema mama kwa heshima. Alikuja kumtembelea bintiye, na akiwa hapohapo Riyadh akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea. Maneno nayo yakaenda. Akitaka maji, mdomo unahangaika, machozi yanatoka, na maji hayaitwi.

Lakini aliimba. Hilo ndilo lililonishtua siku ya kwanza. Nimeingia chumbani, nikamwambia kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa, "Dona Odete, mimi ni Mwikali, nitakuinua kidogo nirekebishe mto wa kulalia." Akanitazama kwa makini. Nilipomwinua, akaanza kuimba kwa sauti nyembamba, polepole, maneno yamenyooka kabisa, wimbo mzima hadi mwisho. Kisha nikamuuliza kama yuko sawa, na mdomo ukahangaika tena.

Binti mmoja Mjordani, mtaalamu wa kurudisha usemi, alikuwa akija kumfanyisha mazoezi. Alinieleza kwamba hutokea hivyo: mtu anaweza kupoteza kusema na kubaki na kuimba, kwa maana kuimba kunakaa mahali pengine kichwani. "Mwache aimbe," alisema. "Na wewe ukiweza, imba naye."

Nami ni Mkamba. Kuimba hatuombwi mara mbili. Nikaushika wimbo kwa sikio, bila kujua hata neno moja. Kulikuwa na neno alilolikazia mwishoni, likitoka kama "haiz", na kila akifika hapo anafumba macho. Dereva wetu, Mmisri, alisimama mlangoni siku moja akasikia. "Anataka mkate, ya Mikali," akaniambia, maana Mwikali liliwashinda wote kutamka. "Sisi mkate tunauita aish." Nikaenda nikaleta mkate laini uliolowekwa kwenye maziwa. Dona Odete akala wote, akapangusa mdomo, akaanza tena, haiz, haiz. Tulimlisha mkate kwa wimbo ule siku mbili tatu kabla madam hajatukuta na kucheka hadi akakaa chini.

"Raiz," alisema. "Ni mzizi. Anaimba kuhusu mizizi."

Ndipo nikamwomba anieleze wimbo wote. Alisema ni wa mji alikozaliwa mama yake, mji mdogo wa ndani huko, mbali na bahari, na kwamba yeye mwenyewe alibembelezwa nao akiwa mchanga. Anayeimba ni mti ulio ukingoni mwa mto. Mti unauambia mto:

*Pita mto, pita zako,*
*chukua majani, chukua na maua,*
*mizizi niachie.*

Basi. Yanazunguka hayohayo, mara mvua inanyesha, mara mto unafura, na mti unarudia ombi lake.

Nikawa naufikiria ule mto nikipika uji. Kwetu Kitui mto ni mchanga. Mwaka karibu wote unauvuka na viatu vyako, na ukitaka maji unachimba. Mto unaopita kila siku ukibeba majani sikuweza kuuona vizuri. Nilichoelewa mimi ni kwamba mti ule unaogopa kiangazi, kwa sababu kwetu mti ukipoteza majani ni kiangazi, na mizizi ndiyo inayoyafuata maji chini ya mchanga. Nikamwambia madam hivyo. Akasema, "Hapana, Mikali, huko kwetu kuna maji mengi sana. Haogopi kiu."

Baba alikuwa mezani anasoma simu yake. Akainua kichwa. "Huo si wimbo wa mto," alisema. "Ni wa mafuriko." Akatusimulia jinsi bonde kavu alikokulia, kusini mwa Riyadh, lilivyokuwa likishuka maji mara moja kwa ghafla, siku ambayo hata mawingu hayakuonekana pale walipo, na kubeba mbuzi, mahema na mitende. "Mto ukija hivyo hauombwi," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu, kila mmoja na maji yake, na mwenye wimbo amelala chumbani hawezi kutuambia.

Tulikwenda soko la Dirah kununua ubani na shuka, mimi na madam. Kwenye duka la Mpakistani mmoja nikaona tawi la maua ya plastiki, ya manjano makali, na majani ya kijani yamebandikwa. Madam alikuwa ameniambia kwamba mti wa ule wimbo ni wenye maua ya manjano. Nikamwonyesha, naye akalinunua kwa furaha. Tukafika nyumbani tukampa Dona Odete.

Alilitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mguu mmoja. Halafu akaliweka mapajani, na kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaanza kung'oa majani. Moja moja. Plastiki ile ilikuwa ngumu, nami nikataka kumsaidia, akanipiga kofi dogo mkononi. Aling'oa yote. Likabaki tawi kavu lenye maua matupu. Akalinyanyua, akatuonyesha, akaridhika.

Madam alishika mdomo. "Nilikuwa nimesahau," alisema. "Mti ule hautoi maua ukiwa na majani. Unapukutisha yote kwanza. Ukiuona hivyo mtupu unadhani umekufa, halafu wiki moja unawaka manjano."

Tuliliweka tawi lile kwenye chupa juu ya meza yake. Mgeni akiliona anafikiri limeharibika.

Basi ilikuja zamu ya kaka yake madam. Anaitwa Paulo, anaishi hukohuko Brazili, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Akimsikia mama yake anaimba, naye analia upande wa pili. Kwake maana haikuwa na mjadala. Mizizi ni mji wao. Mama anaomba arudishwe nyumbani, anaomba kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na ninyi mnamsikia na kumkatalia. Madam alinitafsiria maneno yake jikoni, macho mekundu: "Anasema, mama asije akafia jangwani kati ya watu asiojua majina yao."

Baba alimwambia mkewe, nami nilikuwepo nakusanya vikombe, "Kwangu si mgeni. Lakini akitaka kwenda, nitambeba mimi mwenyewe hadi ndani ya ndege."

Madam aliamua kumrudisha. Alinunua tiketi, akapata ruhusa ya daktari wa hospitali, akaniuliza kama nitakubali kusafiri nao hadi huko nimkabidhi kwa muuguzi. Nilikubali. Nikaanza kukunja magauni ya Dona Odete na kuyapanga kwenye sanduku lililokuwa wazi kitandani mwake, upande wa miguu. Nilimwambia kila nilichofanya, kwa Kiswahili changu. Hili gauni la bluu linaingia. Sweta hii utaivaa ndani ya ndege.

Akaanza kuimba. Lakini safari hii hakuimba polepole. Aliimba kwa nguvu, sauti inakatika, na alipofika kwenye mizizi alipiga sanduku teke kwa mguu wake mzima.

Nilimwita madam. Alikuja mbio akidhani ameanguka. Alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kumwuliza kwa lugha yao, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika maneno kiasi, nilifuata.

"Mama, mizizi ni ipi? Ni nyumba yetu?"

Dona Odete akatikisa kichwa.

Madam akatoa simu, akamwonyesha picha. Nyumba yenye veranda. Kanisa. Mto wenyewe, wa rangi ya chai ya maziwa, na mti wa manjano ukingoni. Dona Odete aliutazama mto ule kwa upendo, akaugusa kwa kidole, kisha akaisukuma simu.

"Ni baba?" Mumewe alikuwa amekufa zamani, amezikwa kule.

Akatikisa kichwa tena, sasa kwa hasira. Akafungua mdomo, akagusa midomo yake kwa vidole, akapuliza. Fuu. Kama mtu anayepuliza jani kutoka kiganjani. Akafanya tena: midomo, kisha fuu.

"Majani," nilisema bila kukusudia. "Ni maneno yake, madam. Yanapukutika."

Dona Odete akanielekezea kidole: ndiyo. Kisha akauvuta mkono wa bintiye. Akapitisha vidole vyake katikati ya vidole vya madam, akavikunja, akavikaza kabisa hadi vifundo vikawa vyeupe, akauweka ule mkono uliofungamana juu ya kifua chake. Akaimba neno moja tu. Haiz.

Madam Leila alilaza kichwa palepale juu ya mikono yao. Sikungoja kuambiwa. Nikatoa gauni la bluu kwenye sanduku, nikalitundika.

Kwa Paulo ilichukua muda. Madam alimpigia kwa simu ya picha, akamwonyesha mama, na mama akarudia yote, midomo, kupuliza, vidole. Mwishowe Paulo aliuliza kama kuna kitanda cha ziada, akaja mwenyewe kukaa nao mwezi mzima, mwanamume mkubwa mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Alinipikia maharage meusi, nikayasifu. Yalihitaji chumvi.

Baadaye kazi ya baba ilihamia Jeddah, tukapata nyumba mtaa wa Safa. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu Bi Raya alikuwa hai, amezeeka, anatembea na fimbo. Akaanza kuletwa na mwanawe alasiri, anakaa na Dona Odete. Wazee wawili wasio na hata neno moja la pamoja. Bi Raya alimsimulia habari za Unguja ambazo yeye mwenyewe alisimuliwa, na Dona Odete akaitikia kwa kichwa pale panapostahili kabisa.

Siku moja Bi Raya alitaka kujua wimbo unasema nini. Nikamtafsiria. Alizungusha kikombe cha kahawa.

"Mimi ningeuimba kinyume," alisema. "Mizizi yangu ilibaki kule, na sikumbuki hata mlango wa nyumba. Nilichobaki nacho ni majani. Hiki Kiswahili. Na mapishi ya mama. Ningeuambia mto, mizizi umeshachukua, basi hayo majani niachie."

Dona Odete alikuwa anamtazama. Sijui alielewa nini. Aliunyoosha mkono akampapasa goti.

Wasichana wangu, mtakapowatunza wazee mtaona jambo hili, na hakuna atakayewatayarisha: hata kuimba nako huisha. Kwanza ulikwenda ubeti wa mvua. Kisha mto ukabaki bila maua. Halafu ikawa sauti tu, bila maneno, kisha pumzi yenye mdundo. Binti yake akiingia tu, mkono wa kushoto ulikuwa unafunguka wenyewe juu ya shuka, unasubiri vidole vya madam. Hilo halikuondoka. Siku ya mwisho, mchana, jua likiwa dirishani, mkono ulikuwa umeshikwa hivyohivyo, na madam hakuuachia hadi baba alipokuja akakaa chini karibu naye.

Walimpeleka kwao kumzika, kando ya mumewe. Paulo alitaka hivyo na madam naye sasa hakuwa na pingamizi. Mimi nilibaki Safa kufunga nyumba, kwa maana hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho na tiketi yangu ya Nairobi ilikuwa tayari.

Nikiwa nafua, simu ikalia. Madam alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kutoka kule. Nilijipangusa mikono nikauweka sikioni. Kwanza maji, mengi, yanapita. Kisha wanawake wanaimba. Ulikuwa ule wimbo, lakini sikuutambua mara moja, kwa kuwa waliuimba mbio, na kitu kinapigwa, pa, pa, pa, na kuna waliokuwa wanacheka katikati. Kisha sauti ya madam, anacheka na kulia pamoja.

"Mikali, unasikia? Shangazi zangu wako mtoni. Ni wimbo wa kufulia nguo! Wanapiga nguo kwenye mawe! Mama ndiye aliyeupunguza mwendo ili nilale. Halas, basi, miaka yote nimelia juu ya wimbo wa sabuni!"

Nimeulizwa na wenzangu niliowasimulia, basi maana yake ya kweli ilikuwa ipi? Wale wanawake wanauambia mto uchukue povu na wao wabaki mahali pao, labda. Watakuwa na yao. Ya Dona Odete alituonyesha mwenyewe, kwa vidole vyake, na mimi nilikuwepo.

Kwenye beseni kulikuwa na shuka zake za mwisho. Mashine ilikuwepo, nzuri tu, lakini zile nilitaka kuzifua kwa mkono. Niliusikiliza ujumbe tena hadi nikaupata mwendo. Halafu nikakunja mikono ya gauni, nikazipiga zile shuka kwenye ukingo wa beseni, pa, pa, pa, nikaimba mbio kama wao, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, ndani ya nyumba tupu.